Unataka kuandaa maonyesho ya sanaa ya posta kuhusu kifo? Hatua kwa hatua, kuanzia mwito mpaka kopi ya mwisho

Haya wadau, watu wameniuliza sana kuhusu hii ishu ya kualika watu wa nchi mbalimbali watume kazi ndogondogo za sanaa kwa barua halafu zote zinatundikwa sehemu moja, na cha ajabu wengi wanaoniuliza wanataka mada iwe kifo. Mi naona sawa tu, nani hajazika. Ila ni mada inayohitaji akili kidogo kuliko kuandaa maonyesho ya paka au maua, kwa hiyo ngoja niandike yote hapa kwa mpangilio ili nisirudie rudie.

Kwa asiyejua, sanaa ya posta ni kadi, kolaji (vipande vya picha na karatasi vilivyobandikwa pamoja), stempu za kujichorea, kijitabu, bahasha iliyochorwa, chochote kinachoweza kupita posta kama barua ya kawaida, na ile safari nayo ni sehemu ya kazi, yaani mhuri wa posta, kona iliyokunjika, alama ya maji ya mvua, vyote vimo. Anayetajwa sana kwamba ndo aliianzisha ni Ray Johnson wa Marekani, huyu alikuwa anatumia watu karatasi anawaambia ongezea kitu halafu mpelekee fulani, na mwaka 1970 jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney pale New York likafanya maonyesho ya mtandao wake. Na kifo kimo humu tangu zamani. Mwaka 1973 huyohuyo Johnson aliandikia dawati la tanzia la gazeti la New York Times kuwataarifu kwamba "shule" yake ya kuandikiana barua, yaani ule mtandao wake, imefariki. Kuna Mjapani On Kawara, kuanzia 1970 alikuwa anatumia watu telegramu yenye maneno yaleyale tu, bado niko hai, akaendelea hivo miaka na miaka, mwenyewe kafariki 2014. Kwa hiyo mtu akikuuliza "haya mambo ya kuchezea kifo kwa kadi mmeyatoa wapi" unalo jibu.

Hatua ya 1: Bana mada, usiandike tu "kifo"

Ukiandika mada ni kifo, basi, utaletewa mafuvu. Mafuvu, mishumaa, saa ya mchanga, na kunguru. Sio kwamba mafuvu ni mabaya, ila ukuta mzima wa mafuvu unachosha, na anayeangalia hajifunzi chochote kuhusu aliyetuma. Mada nzuri ni ile inayompa mtu kazi ya kufanya, iwe kama swali.

Nitakupa mfano ninaoupenda na ambao sisi huku tunao tayari. Unakumbuka matangazo ya vifo redioni? Enzi za RTD na kule Kenya KBC, saa ya matangazo ikifika nyumba nzima kimya, hata mtoto akilia anatolewa nje. Ndugu fulani wa Tukuyu anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea jana katika hospitali ya mkoa, habari ziwafikie fulani wa Moshi, fulani aliyeko Tanga bandarini, fulani wa Mwanza, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Sasa angalia vizuri lile tangazo limeundwaje. Marehemu anapewa sentensi moja tu, kinachobaki chote ni orodha ya watu na miji. Ni ramani ya wote waliounganishwa na mtu mmoja, na hiyo ramani ndo inafanana kabisa na sanaa ya posta, jina na sehemu, jina na sehemu.

Kwa hiyo tuseme umeyaita maonyesho yako Habari Ziwafikie. Swali unalowapa watu ni hili: tangaza kifo cha mtu, kitu, tabia au mahali, halafu taja habari ziwafikie nani. Mtu wa Brazil anaweza kutangaza kifo cha mto, mtu wa Ujerumani akatangaza kifo cha kiwanda alichofanyia kazi baba yake, mtu wa Lindi akatangaza kifo cha mnazi wa nyuma ya nyumba, mwingine akamtangaza bibi yake kweli kweli. Kuna watakaochekesha na kuna watakaoumiza na utaviweka pamoja. Hawa wa nje hawajui redio zetu kwa hiyo kwenye mwito weka tafsiri fupi ya lile tangazo, mistari mitatu minne inatosha, wataelewa haraka mno.

Kama hii ya redio haikukai basi buni yako, ila iwe na kitendo ndani yake. Kitu alichoacha mfukoni. Barua kwa aliyetangulia. Nguo ipi uzikwe nayo. Unaona, mtu akisoma tu hapohapo anaanza kufikiria wa kwake.

Hatua ya 2: Pata anwani kabla ya kitu kingine chochote

Hii watu wanaiacha mwisho na ndo inayokwamisha. Usitangaze anwani ya nyumbani, tangazo la hivi linasambaa na litakaa intaneti miaka. Tafuta sanduku la posta. Kama huna lako, wengi wetu hatuna, tumezoea kutumia la kazini, la parokia, la shule, basi nenda kwa mwenye funguo umwambie wazi kwamba zitaingia barua nyingi za rangi rangi kutoka nje kwa miezi kadhaa na nyingine zitakuwa na michoro ya majeneza. Mwambie kabla! Manake mhasibu wa shule akifungua sanduku asubuhi akakuta bahasha nyeusi imeandikwa jina la shule na msalaba juu yake, hiyo habari itafika kwa mkuu kabla yako.

Anwani iandike hivi hivi kwenye mwito bila kubadilisha badilisha: jina la mpokeaji, P.O. Box na namba, mji, halafu TANZANIA au KENYA kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. S.L.P. sisi tunaielewa ila barua ikitoka Chile inapita mikono mingi ya watu wasioijua.

Hatua ya 3: Andika mwito

Mwito uwe mfupi, uingie kwenye nusu ya A4, manake watu watauprinti na kuutuma ndani ya barua zao nyingine. Mfano:

"Unaalikwa kutuma kazi moja kwa posta. Mada: tangazo la kifo. Nani au nini kimekufa, na habari ziwafikie nani? Ukubwa usizidi A5. Mbinu yoyote. Hakuna ada, hakuna kuchujwa, kazi hazirudishwi. Zote zitatundikwa na kila mshiriki atatumiwa karatasi ya kumbukumbu kwa posta. Kazi itufikie kabla ya tarehe 15 Septemba. Andika jina unalotaka litumike na anwani yako kamili kwa herufi zinazosomeka. Tafadhali usitume udongo, mimea, mbegu, nywele wala majivu."

Sasa nieleze baadhi ya hayo maneno manake sio mapambo.

Hakuna ada, hakuna kuchujwa, zote zinatundikwa, kila mtu anapata kumbukumbu. Hiyo ndo sheria ya hii sanaa na watu wake wanaishika kwelikweli. Mwaka 1984 kule New York, ukumbi wa Franklin Furnace uliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya posta, aliyekuwa anayasimamia akachagua zipi zionyeshwe na zipi ziachwe, basi ukawaka moto, watu wakaandika barua za wazi za kulaani na hadi leo ukisoma historia ya hii sanaa utakutana na hilo tukio. Kwenye mada ya kifo ndo kabisa, utamwambiaje mtu kwamba msiba wake haujafikia kiwango? Kama unajijua huwezi kuvumilia kutundika kazi mbaya, usiandae hii kitu, andaa maonyesho ya kawaida tu hakuna ubaya.

"Itufikie kabla ya", sio "itumwe kabla ya". Barua ya kutoka Ulaya inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua miezi mitatu, hujui. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Tuseme unataka kufungua tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki wanawakumbuka marehemu wote na Wamexico wako makaburini na maua yao, tarehe nzuri sana kwa mada hii. Mwisho wa kupokea uwe katikati ya Septemba, mwito utoke Februari au Machi. Ukitoa mwito Agosti utakuwa na maonyesho ya marafiki zako wa mtaani.

A5 nimeweka kwa makusudi. Kadi ya kawaida ya posta ni kama A6, milimita 105 kwa 148, na A5 ni mara mbili yake. Ukiacha ukubwa wazi kuna mtu atakutumia jeneza la maboksi la nusu mita, litakaa forodhani, utaitwa ukalilipie.

Kuusambaza, anza na chama kinaitwa IUOMA, kilianzishwa 1988 na Mholanzi Ruud Janssen, kina watu dunia nzima na hawahitaji kuelezwa sanaa ya posta ni nini. Ila usiishie hapo manake utapata Wazungu na Wamarekani wazee watupu, wazuri sana wale lakini mada hii inawahusu na mafundi wa kuandika mabango ya mabasi, washonaji wa mashada, walimu wa sanaa wa sekondari, wanaochapa vitabu vya wasifu wa marehemu kwenye steshenari. Hawa utawapelekea mwito mkononi, kwa Kiswahili, na kadi tupu yenye stempu tayari. Ile stempu ndo inayofanya mtu atume kweli, usipoibandika atakuahidi tu.

Hatua ya 4: Vitu ambavyo watu watataka kutuma na haviruhusiwi

Mada ya kifo ina balaa lake, watu wanataka kutuma kitu halisi. Udongo wa kaburini, ua lililokauka la kwenye shada, nywele, majivu. Usiruhusu. Nchi nyingi zinazuia udongo na mimea kwa ajili ya magonjwa na wadudu, Australia ndo usiseme, barua inaweza kuzuiwa na kuteketezwa na wewe usijue ilienda wapi. Na majivu ya mtu yana taratibu zake kabisa za kusafirishwa, sio ya kuweka kwenye bahasha. Pambo za kumetameta nazo kataza kwa sababu nyingine tu, zitakufuata mpaka kwenye chai.

Ila usikataze bila kutoa njia mbadala. Ua lifanyie fotokopi, liweke juu ya kioo cha mashine, funika na karatasi nyeupe, printi kwenye karatasi nzito, linatoka na vivuli vizuri ajabu. Na kaburi unaweza kulituma bila kuchukua hata chembe ya udongo, hivi: chukua karatasi nyepesi, ile ya kuandikia nakala inafaa, iweke juu ya maandishi ya kaburi, ishike na tepu ya karatasi pande zote nne isicheze, halafu sugua taratibu kwa ubavu wa penseli laini, 6B hivi, au krayoni nyeusi, usitumie ncha. Sehemu iliyoinuka inashika rangi na iliyochimbika inabaki nyeupe. Makaburi yetu mengi ni ya saruji na fundi aliandika kwa msumari wakati saruji ikiwa bado mbichi, kwa hiyo unapata KAZALIWA na mwaka, KAFA na mwaka, na ile N iliyogeuka upande, na mchirizi pale msumari ulipoteleza. Hakuna fonti ya kompyuta itakupa hicho kitu. Omba ruhusa kwa wenye kaburi kwanza, na hapa Pwani usiende kusugua makaburi ya watu kimyakimya eti ni sanaa.

Kitu kingine kiandike kwa upole kwenye mwito: vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kumbukumbu ya wafu, viliibiwa sana vikauzwa mpaka kwenye makumbusho ya Marekani na wenyewe wanahangaika kuvirudisha. Kwa hiyo mtu wa nje akitaka kutumia picha ya kigango kama pambo la Kiafrika la kifo mwambie atafute kingine.

Hatua ya 5: Sehemu ya ushirikiano, karatasi zinazozunguka

Mpaka hapa kila mtu anatuma ya kwake. Kama unataka watu wafanye kazi pamoja kweli, kuna njia mbili ambazo zinafanya kazi, zipo nyingine ila hizi ndo nazipenda.

Ya kwanza ni ya Ray Johnson ileile, ongeza halafu mpelekee mwingine. Chukua kadi ngumu ya manila ukubwa wa A5, anzisha kitu kidogo tu, neno moja au mchoro wa sehemu, acha nafasi kubwa. Nyuma bandika kikaratasi chenye vituo: wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha irudi kwako. Usizidishe watatu! Watu wanapenda kuweka kumi halafu kadi haionekani tena. Kila mmoja apewe wiki mbili za kukaa nayo na anwani ya anayefuata iwe imeshaandikwa kwenye bahasha yake tayari, wewe ndo uandike zote, na upange vituo vilivyo jirani kidogo, mfano Dar, Kampala, Nairobi, Dar, badala ya Dar, Lima, Osaka, Dar. Kila kadi isajili, namba na imeanza lini na iko kwa nani.

Nusu zitapotea. Usigombane na mtu. Zile zilizopotea nazo zitundike, yaani nafasi tupu ukutani yenye namba na majina ya waliotakiwa kuigusa. Kwenye maonyesho ya kifo ile nafasi haihitaji maelezo.

Njia ya pili ni ya Ryosuke Cohen wa Japani, tangu 1985 ana mradi unaitwa Brain Cell, watu wanamtumia mihuri, stika na vipicha vidogo, yeye anavipanga vyote kwenye karatasi moja kubwa na kila aliyetuma anarudishiwa kopi ya karatasi hiyo pamoja na orodha ya majina na anwani. Unaweza kuiga hivi: omba kila mshiriki pamoja na kazi yake aweke stempu moja ya kujichorea, sentimita tatu kwa nne, ya yule au kile anachotangaza kifo chake. Ukizikusanya unazipanga kwenye A3 zikawa shiti moja ya stempu za marehemu. Stempu za bandia zina historia nzito kwenye hili eneo. Edgardo Antonio Vigo wa Argentina, mwanawe alichukuliwa mwaka 1976 chini ya utawala wa kijeshi na hakurudi, yule baba akawa anatengeneza stempu za kudai aachiwe na kuzituma dunia nzima. Serikali ilikuwa na posta yake na yeye alikuwa na stempu zake. Ukiwaelekeza watu watengeneze stempu simulia hicho kisa, utaona tofauti ya kazi zitakazokuja. Tahadhari moja tu, stempu ya kujichorea inakaa upande mwingine wa bahasha, sio kwenye kona ya stempu halali, usije ukafanya karani akadhani unakwepa kulipa.

Hatua ya 6: Kupokea

Barua zikianza kuingia nunua kaunta buku moja nene na iwe kama lile daftari la rambirambi linaloshikwa na mtu mwaminifu mlangoni msibani, kila kinachoingia kinaandikwa palepale kabla hakijaguswa na mtu mwingine. Namba, tarehe ya kufika, jina, nchi, anwani, maelezo mafupi. Namba hiyohiyo iandike kwa penseli nyuma ya kazi, penseli sio peni.

Bahasha usitupe. Nasema tena, bahasha usitupe. Fungua kwa kisu upande wa chini au ubavuni, sio juu penye stempu, halafu piga picha mbele na nyuma, bahasha na kilichomo, siku hiyohiyo. Simu inatosha ila kama unapata skana weka 300 dpi. Kisha tuma ujumbe mfupi kwa aliyetuma kama kaweka imeili, "imefika, namba yako ni hii". Watu wanafurahi sana na hilo na linapunguza maswali.

Dar na miji yote ya Pwani karatasi inaoza kwa unyevu, kwa hiyo weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usiweke chini sakafuni, masika utalia.

Hatua ya 7: Kazi nzito

Hapa ndo nataka usome taratibu. Wengi watatuma utani na vitu vizuri, lakini kuna mtu atakutumia msiba wake halisi, picha ya mtoto, barua ya mwisho ya mumewe, na huenda hajawahi kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Jibu barua hiyo kwa mkono. Sio imeili. Maneno machache tu, pole sana, imefika, iko salama. Huwezi kuacha msiba wa mtu bila kuitikiwa.

Zikija picha za maiti, sheria ya kutundika zote bado ipo ila haisemi lazima iwe usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Tengeneza meza yenye faili au sanduku lenye mfuniko, andika juu wazi kilichomo, anayetaka afungue mwenyewe. Kazi imeonyeshwa, hujachuja, na hujamshtua aliyekuja na wanae. Waeleze hilo kwenye mwito ili mtu ajue mapema.

Kazi zenye aya za Kurani au maneno matakatifu ya dini yoyote zipe nafasi ya juu, zisikae chini karibu na miguu wala karibu na mlango wa choo, na usizichanganye na za dhihaka kwenye kamba moja. Hilo haliko kwenye sheria za sanaa ya posta, ni adabu yetu tu.

Na kama barua inasomeka kama mtu anataka kujidhuru, usiifanye sanaa kwanza. Mtafute haraka kwa njia yoyote aliyoacha, kama kaweka namba mpigie, kama yuko nchi nyingine tafuta anayemjua kwenye mtandao wa hawa watu, wanajuana sana. Ukutani itasubiri.

Hatua ya 8: Kutundika

Huhitaji gallery. Maktaba, ukumbi wa parokia, korido ya chuo, sehemu kama Nafasi Art Space pale Mikocheni kama mkielewana nao, hata baraza pana lenye paa. Unachohitaji ni ukuta usiopigwa jua la moja kwa moja manake rangi za printa zinapauka haraka sana.

Usitumie gundi. Usitumie selotepu kwenye kazi yenyewe, inaacha mafuta ya njano. Funga kamba za katani kutoka ukuta hadi ukuta, kila kazi itie kwenye mfuko wa plastiki angavu halafu mfuko ndo unabanwa na vibanio vya nguo vya mbao. Hivo mtu anaweza kugeuza na kusoma nyuma, na bahasha inaning'inia pembeni ya kazi yake. Kamba tatu za kimo tofauti ukutani zinatosha kabisa kwa kazi mia na zaidi, ya chini iwe ya kutazamwa na watoto na waliokaa kwenye viti vya magurudumu.

Mpangilio nashauri ufuate tarehe ya kufika. Sio nchi, sio uzuri, sio umaarufu wa mtu. Ukipanga kwa nchi watu wanaanza kutafuta bendera yao, ukipanga kwa uzuri umeshaanza kuchuja kwa mlango wa nyuma. Kwa tarehe unapata kazi ya msanii mkubwa wa Italia imebanwa kati ya kadi ya mwanafunzi wa form two na kolaji ya bibi wa Ohio na inakaa sawa tu.

Siku ya kufungua weka meza yenye kadi tupu, kalamu, mihuri ya mpira na stempu za kweli, wageni watengeneze zao. Kama umefuata ile mada ya tangazo la kifo tafuta mtu mwenye sauti nzuri ya redio asome matangazo kumi hivi kwa sauti, ya utani na ya kweli yakichanganywa. Kuna kitu kinatokea ukumbini pale msomaji anapofika kwenye habari ziwafikie halafu anataja Osaka, Montevideo, Masasi. Wazee wanacheka kwanza halafu wananyamaza.

Hatua ya 9: Deni la kumbukumbu

Sasa umeshafunga, umechoka, kila mtu kakupongeza na hapa ndo waandaaji wengi wanapotelea. Uliahidi kila mshiriki karatasi ya kumbukumbu kwa posta. Hiyo ni deni. PDF sawa, itume nayo, lakini mtu aliyekutumia karatasi kwa stempu anastahili karatasi kwa stempu.

Habari njema ni kwamba uzito unahesabika. A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo A3 moja ni gramu 10, ikunje, weka kwenye bahasha ya kawaida na bado uko chini ya gramu 20, kile kiwango cha chini kabisa cha barua. Ukiweka karatasi nene ya kung'aa umeruka daraja na bei inaruka nayo. Upande mmoja wa A3 weka ile shiti ya stempu au picha ndogondogo za kazi zote, upande wa pili majina, miji na namba zao. Anwani kamili za watu weka tu kama ulisema kwenye mwito kwamba utafanya hivo na mtu hajakataa.

Kabla hata ya kutoa mwito nenda posta ukaulize bei ya barua ya gramu 20 kwenda Afrika Mashariki, Afrika nyingine, Ulaya, Amerika. Zidisha kwa idadi unayoitarajia, ongeza robo. Hiyo ndo bajeti yako kubwa kuliko kamba na vibanio vyote, ukiona hela hiyo huna basi punguza mwito au tafuta mdhamini mapema. Na siku ya kupeleka usiende saa nne asubuhi na fungu la barua peke yako kwenye foleni, nenda mchana kumetulia, mwambie dada wa dirishani mapema, "shikamoo dada, nina barua nyingi kidogo za nje". Atakuuliza ndani kuna nini. Mwambie karatasi tu, za maonyesho, mwonyeshe moja. Mara nyingi anaishia kuwaita wenzake waje kuangalia na stempu unapata zile nzuri za wanyama badala ya mhuri wa mashine.

Kazi zenyewe usiuze, hata moja, hata mtu akija na hela. Zilitumwa kama zawadi. Ziweke pamoja zote na daftari lake, zipe maktaba au chuo kitakachokubali kuzitunza kama mkusanyiko mmoja, mkaandikiana kabisa, au baki nazo kwenye lile boksi lenye mfuniko.

Halafu kuna za kuchelewa, zitakuja tu, Desemba, Februari, nyingine imeenda Tasmania kwanza badala ya Tanzania, na hilo la Tasmania sio utani, linatokea. Kwa hiyo unapochapa zile A3 chapa za ziada kumi au kumi na tano. Iliyochelewa inapewa namba inayofuata kwenye daftari kama nyingine zote, inapigwa picha, inaongezwa kwenye PDF, na mwenyewe anatumiwa karatasi yake huku jina lake umeliandika kwa mkono chini ya orodha.